Sababu Huisha

Siku Chiriku alipokutana na mwanamume wake, alikuwa anakimbia kipigo cha mwavuli.

Mwenye mwavuli alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kikapu cha vitunguu na hasira isiyokuwa ya kuigiza. Alimwona Chiriku akitoka duka la vitambaa, akamtazama mara mbili, akashusha kikapu chini.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Dada yako kakulea, kakusomesha, halafu unamchukulia mume. Leo utanieleza."

Chiriku hakubaki kueleza. Alivua viatu vyake virefu, akavishika mkononi, akakata katikati ya umati wa barabara kuu, gauni lake la njano likimpiga magotini na miwani ya jua ikimshuka puani. Akapinda kushoto, akapinda kulia, akajibanza kwenye nguzo ya taa ili avute pumzi.

"Dada," ikasema sauti ya kiume, "umesimama mbele ya jicho langu."

Aligeuka. Kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa, alikuwa ameinamia chombo kilichosimama juu ya miguu mitatu. Jicho moja amelifumba, la pili amelibandika kwenye lenzi, na lenzi imemwelekea yeye tumboni. Ng'ambo ya barabara mzee mwenye kitambi alikuwa amesimamisha fimbo yenye mistari myekundu na myeupe, huku akipiga miayo.

"Basi lifumbe na hilo," Chiriku alisema akihema. "Kuna mtu ananitafuta."

"Hata mimi natafutwa. Wenye nyumba za mstari huu wote wananitukana tangu asubuhi."

"Umewafanyia nini?"

"Napima barabara, itapanuliwa. Nikipita mimi, nyuma yangu kuta zinachorwa alama nyekundu. Na wewe umefanya nini?"

"Nimemwibia dada yangu mume."

Kijana akainua kichwa. "Kweli?"

"Kila Jumanne na Alhamisi, saa moja usiku. Marudio Jumamosi mchana."

Yule kijana aliitafakari hesabu hiyo kwa muda, kama mtu aliyezoea kuhakikisha tarakimu kabla ya kuziandika. "Hiyo ratiba," aliuliza polepole, "umeipanga wewe au shemeji yako?"

Chiriku alicheka mpaka akakalia ukingo wa barabara na gauni lake la njano. Katika mji mzima, ambako hata karani wa benki alimpa fedha zake huku akimsonya, amepatikana mtu mmoja asiyemjua.

Na kujulikana kwenyewe kulianzia bafuni. Alikuwa na miaka kumi na saba, anaoga, anaimba. Shangazi yake akapita, akasikia, akafunga komeo kwa nje na kusema hatafungua mpaka ubeti uishe. Baba na mama walikuwa wametangulia zamani, kwa hiyo shangazi ndiye aliyekuwa baba, mama, na tangu siku ile, meneja. Aliiacha kazi ya kupiga chapa ofisini, akanunua simu ya pili, kisha ya tatu. Miaka mitano baadaye Chiriku alikuwa na nyimbo nne zinazopigwa redioni na tamthilia moja inayowakalisha watu majumbani. Nyimbo aliandikiwa na watunzi. Tamthilia aliandikiwa na waandishi. Hata majibu ya mahojiano shangazi alimwandikia kwenye kikaratasi: wakikuuliza umri, cheka, wakikuuliza mchumba, shukuru mashabiki.

Kuhusu mpima ardhi, kikaratasi hakikuwa na neno.

"Halo, Kizuizi," Mpima alikuwa akianza simu zake hivyo, kwa kuwa siku ile alimzuia kuona fimbo.

"Sema, Mpima. Leo umetukanwa na wangapi?"

"Saba. Mmoja kanimwagia maji ya kufulia. Wewe?"

"Watatu tu."

"Basi nimekushinda."

"Si haki. Wewe unafanya kazi nje, wanakupata kirahisi."

Chiriku alimkataza kitu kimoja tu: asimtazame kwenye runinga. Wanaume wote waliopata kumsogelea, alimweleza, walifika na picha yake kichwani, wakawa wanampima nayo, na kila siku anapungua. "Wewe anza na mimi mwenyewe."

"Sawa."

"Sawa tu? Hata hutaki kuchungulia?"

"Si wewe umenikataza?"

"Nimekukataza, lakini sikusema ukubali haraka namna hiyo."

"Niombe tena, nitakataa kidogo kwanza."

Mapenzi yao yalikulia Jumapili mchana, siku ambayo hakuna kurekodi wala kupima. Chumba cha Mpima kilikuwa na kitanda, meza ya kuchorea iliyokula nusu ya nafasi, ramani ukutani na sinki dogo lililovuja. Chiriku alivuka mlango huo na khanga kichwani, akavua hereni, akala sahani mbili, akasinzia kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo. Jumapili moja, Mpima akiosha vyombo na yeye akifuta, Mpima aliuliza bila kugeuka:

"Nikuulize kitu. Mji mzima una wenye magari na wenye majumba. Kwa nini mimi?"

Chiriku alikuwa na sahani mkononi. Maneno yalikuja yenyewe, matamu, yamejipanga, kila moja limevaa vizuri.

"Sikukupenda kwa sababu," alisema. "Sababu huisha."

Mpima akafunga bomba. Alisimama pale mikono ikichuruzika povu. Baadaye, Chiriku aliposinzia, alifungua daftari lake la kazini, lenye urefu na vimo vya barabara za watu, akayaandika maneno yale kati ya namba mbili. Wiki nzima alitembea kama mtu aliyeongezewa kimo.

Sasa, msomaji, kuna jambo la kazi hii ambalo watazamaji wengi hawalijui. Tamthilia hurekodiwa leo ikaonyeshwa baada ya miezi saba au minane. Unayemwona analia Alhamisi, machozi yake yalishakauka zamani.

Ikaja Alhamisi moja. Kwenye runinga Chiriku aliingia ofisini kwa shemeji yake, gauni jekundu, nywele zimevutwa nyuma. Shemeji akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupotea, kwa nini mimi. Akajibiwa. Ijumaa asubuhi maneno yale yalikuwa yameshatoka kwenye runinga na kuingia barabarani. Muuza nyanya aliulizwa mbona bei imepanda, akajibu, "Sababu huisha." Mwanafunzi aliulizwa mbona kachelewa, akajibu hivyo hivyo, akaadhibiwa. Jumamosi zilionekana fulana.

Jumamosi hiyo hiyo mchana Mpima alikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Haya aliyasimulia mwenyewe baadaye. Runinga ilikuwa ukutani, marudio yakaanza, akalitambua jina la tamthilia, akafumba macho ili atunze ahadi. Lakini ahadi ilikuwa ya macho. Masikio hayakuahidi chochote. Alimsikia shemeji akiuliza. Alimsikia Chiriku akivuta pumzi, pumzi ile ile. "Sikukupenda kwa sababu," ikasema sauti anayoijua kuliko yake, na kinyozi, mashine mkononi, pamoja na wateja watatu waliokuwa wakingoja, wakamalizia kwa pamoja kama kiitikio: "Sababu huisha." Wakacheka, wakapigana viganja. Mpima aliinuka, akavua shuka la kinyozi, akalipa, akatoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

Simu ilimkuta Chiriku chumba cha kupambia, unga usoni, kope moja ya bandia imebandikwa na moja bado.

"Mpima wangu, mbona mapema leo?"

"Dada, nina swali moja."

Hakusema Kizuizi. Chiriku akamfanyia ishara mpambaji asubiri. "Uliza."

"Yale maneno. Uliyasema kwanza kwangu au kwa shemeji yako?"

"Maneno gani?" Aliuliza kwa dhati, hakujua.

"Yaliyochapwa kwenye fulana."

Hapo ndipo alipoelewa. Aliikumbuka karatasi ya mwandishi, kona yake ya juu imelowa chai. Akakumbuka alivyoikariri chooni, mlango umefungwa, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na utulivu. Miezi mitano kabla ya mwavuli. Alirekodi, akalipwa, akasahau. Maneno yale yakazama moyoni pamoja na maelfu mengine, na siku moja yenye povu na sahani yakapanda juu, akayapokea akidhani ni yake.

Angeweza kudanganya. Kazi yake ilikuwa hiyo, na aliifanya vizuri.

"Kwake," alisema. "Lakini Mpima, wallahi sikujua kama..."

"Mlirudia mara ngapi?"

"Kurudia nini?"

"Mkirekodi. Uliniambia huwa mnarudia mpaka itoke sawa. Mlirudia mara ngapi?"

"Tisa."

"Basi mimi ni wa kumi," Mpima alisema, na simu ikakatika.

Wiki tatu zikapita. Chiriku alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaamua kuandika. Aliandika: *Bila wewe siku zangu ni usiku.* Akaitazama. Ubeti wa pili wa wimbo wake wa kwanza. Akafuta. Aliandika: *Nipe nafasi moja tu.* Hiyo ilikuwa sehemu ya kumi na tisa ya tamthilia, alipokuwa akimwomba dada yake msamaha mlangoni. Akafuta. Aliandika: *Hakuna kama wewe*, akakumbuka lile tangazo la mafuta ya nywele. Akaweka simu chini, akajifunika shuka hadi kichwani. Ana miaka ishirini na miwili, sauti yake inajulikana mpaka na watoto wa chekechea, na hana sentensi moja ya kwake.

Mtayarishaji wa muziki naye hakulala. Chuma hupigwa kingali moto, alimwambia shangazi. Yale maneno yawe wimbo. Shangazi akatia saini kabla kalamu haijaandaliwa.

"Shangazi, sitaki kuuimba," Chiriku alisema. Alikuwa amesimama juu ya stuli, shangazi akimpunguza kiuno gauni la picha ya jalada la wimbo, pini tano mdomoni.

"Hutaki au huwezi?"

"Sitaki."

"Basi utauimba. Kutotaka si ugonjwa."

Chiriku akamweleza yote: barabara, sahani, kinyozi, wa kumi. Shangazi alishona huku akisikiliza. Kuhusu mpima ardhi hakuonyesha kushangaa. Mwenye simu tatu husikia mengi.

"Hivi wewe," Chiriku aliuliza, "mumeo ulimwambia nini?"

"Siku ipi?"

"Siku ya kwanza. Maneno yenyewe."

"Nilimwambia asogee, ananikanyaga."

"Halafu?"

"Akasogea. Mpaka leo ukimwambia asogee anasogea." Shangazi akatoa pini mdomoni. "Sikiliza, mwanangu. Maneno ya wimbo ni nguo za kazini. Kuyavaa si kosa, ndiyo yanayotulisha. Kosa lako ni kulala nayo. Simama wima, mshono unapinda."

Akauimba. Aliuimba vizuri, maana hakuwahi kujifunza kuimba vibaya, na Jumatatu wimbo ulikuwa kila mahali.

Jumatano mchana alitoka studio bila kunawa unga usoni na shingoni. Alivaa gauni la bluu lisilo na urembo, viatu vya chini, kitambaa kichwani. Hakujua Mpima yuko mtaa gani siku hiyo, ila alijua namna ya kumpata: alifuata kuta. Alama nyekundu zilizokauka, kisha zinazonata, kisha moja iliyokuwa bado inachuruzika rangi, na mbele yake kidogo kile chombo cha miguu mitatu.

Mzee wa fimbo ndiye aliyemwona kwanza. "Bwana," aliita kutoka ng'ambo, "njia imezibwa."

Mpima akainuka. Alivaa kofia, na chini ya kofia upande mmoja wa nywele ulikuwa umeutangulia mwenzake. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Dada," alisema.

"Nimekuja kusema."

"Umeshasema." Alielekeza kidevu kwenye duka la simu lililokuwa nyuma yao. Mlangoni kulikuwa na spika kubwa kama kabati, na ndani ya spika alikuwemo Chiriku, anaingia kiitikio kwa sauti tamu isiyokuwa na hatia. *Sikukupenda kwa sababu...*

Chiriku akaenda mlangoni. "Kaka, naomba uuzime huo wimbo. Dakika mbili tu."

"Niuzime?" Mwenye duka hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua. "Ndio wimbo wa mji huu, dada. Huyu binti akiimba, mtu unatamani kulia."

"Najua. Uzime."

"Wanawake mna wivu nyinyi," mwenye duka alisema, akaongeza sauti.

Akarudi. Watu walikuwa wameanza kusimama. Mtu mmoja alisikika akisema, huyu si yule mwizi wa waume. Mpima alikuwa ameshika mguu mmoja wa chombo chake kana kwamba kingeanguka. Ikabidi Chiriku apaze sauti juu ya sauti yake mwenyewe.

"Wewe unachelewa," alianza.

Mpima akakunja uso.

"Yaani kila mahali. Unasema saa nane unafika saa tisa, eti ulikuwa unahakikisha. Nakasirika, napanga matusi, halafu ukifika nakuwa... ni kama... hapana, ya 'kama' ni ya wimbo, ngoja." Alijifuta uso kwa kiganja, unga ukahamia kiganjani. "Ukifika, matusi siyaoni. Na kwako nakula. Mahali pengine sili, gauni linabana, kuna kamera. Kwako nakula sahani mbili na hujawahi kuhesabu. Na nikisinzia nakoroma. Najua nakoroma, shangazi alinirekodi akanisikilizisha. Wewe hujawahi kusema. Unapunguza redio tu. Niliamka siku moja nikakuona unapunguza redio, nikajifanya nimelala."

*Sababu huisha,* ikaitikia spika, na wapita njia wawili wakaitikia nayo.

"Na nimekosea," Chiriku alisema kwa nguvu zaidi, sauti ikapasuka pabaya, pale ambapo fundi wa studio angesimamisha mitambo. "Nilikupa kitu cha watu nikidhani changu. Sikukudanganya, lakini kama umepewa kilichovaliwa, kimevaliwa tu. Wiki hizi tatu nimekonda. Hapana, sijakonda, nimenenepa, shangazi analalamika. Ndiyo hivyo. Basi. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa fimbo alimuuliza mtu wa karibu yake kama binti kweli amemaliza au anameza mate.

Mpima alikuwa mtu wa kuhakikisha. Jambo likipimwa mara moja, kwake bado halijapimwa.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Ulichosema. Rudia."

Chiriku alifungua kinywa. Miaka mitano amekuwa akiambiwa neno hilo, na miaka mitano amelitii: rudia, na unarudi pale pale, neno lile lile, pumzi ile ile, chozi kwenye shavu lile lile. Akatafuta mwanzo. Haukuwapo.

"Nilianza na... redio," alisema. "Hapana. Kuchelewa. Nilisema unachelewa, halafu nikasema, kulikuwa na kitu kuhusu sahani. Au sahani ilikuja baadaye." Akavuta ncha ya kitambaa chake, na safari hii hakuna aliyekuwa amemwelekeza. "Siwezi. Sikuyakariri, Mpima. Yameshapotea."

Mpima aliinama, mikono magotini. Chiriku alidhani analia, akapiga hatua. Kumbe anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo, mabega yanaruka, kofia imeanguka chini mbele ya mtaa mzima na nywele zake za ngazi mbili zote nje.

"Redio," alisema alipopata pumzi. "Nilidhani umelala."

"Nilikuwa macho."

"Muda wote?"

"Siku ile tu. Siku nyingine nilikoroma kwa haki."

Akajifuta macho kwa mkono wa kizibao. "Shangazi yako," alisema, na sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiyumba, "Jumapili yuko nyumbani saa ngapi?"

"Saa nane. Kwa hiyo wewe utafika saa tisa."

"Nitafika saa nane."

"Kufanya nini?"

"Kusema. Nitakosea, nitaanzia katikati, lakini nitasema mbele yake na mbele ya mumewe. Utanikubali?"

"Sema hivyo hivyo ulivyosema sasa hivi."

"Nishasahau nimesemaje," Mpima alisema, na ilikuwa kweli.

Chiriku akamshika mkono, ule wenye madoa ya rangi nyekundu. Wimbo dukani ulikuwa umekwisha, na mwenye duka, hatimaye, alikuwa amesimama mlangoni, simu iliyofunguliwa kiganjani, mdomo wazi. Magari yalipiga honi. Ng'ambo ya barabara mzee alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Bwana," aliita, "mkono unaniuma. Nijue moja. Tunapima au tunaoa?"

"Shusha fimbo, mzee," Mpima alijibu, bila kumwondolea Chiriku macho.